Siri ya Mueni Niliitoa Mimi

"Yule Wairimu anayemngoja Mueni getini kila jioni... si rafiki yake."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi. Saa moja kasoro asubuhi, kwenye bomba la kunawia mikono, kabla hatujaingia kazini.

Mwanasaumu aligeuka polepole, povu la sabuni limemfika viwikoni.

"Si rafiki yake? Basi ni nani?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kucheka nikasema natania. Nafasi nilikuwa nayo, jamani...

"Ni mpenzi wake. Wanaishi kama mke na mume. Na kesho kwenye mkutano Mueni anataka kila mtu ajue."

Mwanasaumu alinitazama kwenye kioo. Hakushtuka, hakucheka, hakuuliza la pili.

"Ahaa," akasema.

Akafunga bomba, akakung'uta mikono, akaenda zake.

Ahaa! Basi!

Hapo nikajua nimeharibu. Kwa sababu kiwanda kizima kile, mtu anayeitwa Redio ni mmoja tu, naye ni Mwanasaumu. Ukimwambia jambo saa moja, saa tatu madereva wa malori kule Kipevu wanalo.

Na siri ile Mueni alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani.

Mimi.

Niiteni Kafedha. Majina nimeyabadilisha, na langu pia. Mimi si mwandishi, niliishia kidato cha nne, na haya nayaandika kwa simu siku yangu ya mapumziko. Nayaandika kwa sababu nimeanza kusahau vitu, na kuna vitu sitaki kuvisahau. Hata vile vya kuniaibisha.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia chai, Changamwe. Vumbi la majani ya chai linatuingia mpaka kwenye nyusi. Ukienda kanisani, watu wanajua unakofanya kazi kabla hujaketi.

Kazini tuna chama chetu cha kufaana. Tunakiita Umoja. Ukifiwa, Umoja unakuja. Wanakuja na mikeka na masufuria makubwa, wanapika, wanaimba, wanakaa na wewe kwa zamu siku tatu. Na kiwanda kinakupa ruhusa ya siku hizo tatu bila maneno.

Lakini hawaji kwa kila maiti. Wanakuja kwa wale uliowaandika kwenye fomu. Na fomu ina mistari yake: mume au mke, watoto, baba, mama, wakwe. Imeisha.

Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho ya Januari, katibu anasimama kantini na kuzisoma fomu zote kwa sauti. Kila mtu na watu wake. Sheria hiyo ililetwa baada ya jamaa mmoja wa stoo kumzika mama mkwe wake mara tatu.

Katibu wa Umoja ni mimi.

Mueni alinifuata mwezi wa kumi na moja, wakati wa chakula, fomu mkononi. Ni msichana wa Machakos, miaka ishirini na sita, mcheshi, anayeimba mashine zikinguruma kana kwamba zinampigia ngoma.

"Dada Kafedha, nina swali."

"Uliza."

"Huu mstari wa mume au mke... kwangu mimi lazima awe mume?"

Nikacheka. "Ee, wataka kuoa?"

Hakucheka. Akaangalia nyuma, akaangalia mlangoni, kisha akainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Nataka kumwandika Wairimu."

Niliacha kutafuna.

Wairimu nilimjua kwa sura tu. Ana saluni ndogo Mikindani, na kila jioni husimama getini kwetu na mfuko wa viazi karai. Sote tulijua ni rafiki anayekodi naye nyumba. Mambo ya maisha kuwa ghali, watu hugawana chumba.

"Tumekaa miaka mitatu," Mueni akasema. "Mimi sina baba, sina mama, susu, nyanya yangu, alishakufa. Hii fomu yangu yote ni tupu, dada. Leo Wairimu akifa, kesho niko hapa napakia chai. Nitalilia wapi? Chooni?"

Sikumjibu hilo la chooni.

"Mueni, itasomwa kwa sauti. Mbele ya watu wote. Unaelewa?"

"Naelewa. Ndiyo nimekuja kwako. Wewe ndiye utasoma."

Nilimkumbusha wale vijana wawili wa Chaani walioshukiwa kuwa wapenzi wakafukuzwa na mwenye nyumba, godoro likatupwa barabarani, watu wakawa wanapiga video huku wanacheka. Kijana mmoja hata viatu hakuwahi kuvaa.

"Hiyo video niliiona," akasema. "Aki dada, naiota."

"Basi kwa nini?"

Akafikiri.

"Kwa sababu nimechoka kudanganya. Hapa mtu akiniuliza tu wikendi ilikuwaje, nabadilisha jina la Wairimu nasema 'rafiki wangu mmoja'. Nimekuwa na marafiki wamoja mpaka wamejaa nyumba."

Alicheka. Halafu machozi yakamtoka, akayafuta na kofia ya nywele, na vumbi la chai likamwingia machoni. Akalia zaidi.

Nikamwambia nitakuwa naye. Kweli nilimwambia hivyo. Nilimshika mkono na kumwambia, "Uko na mimi."

Basi tukaanza kufanya mazoezi. Kwa mama wa viazi nje ya geti, mimi nikijifanya Bramwel, msimamizi wetu, yule Mluhya mwenye sauti kama spika ya kanisa.

"Mueni! Hii ni mambo gani hii?"

"Ni mambo ya nyumba yangu, bosi."

"Hapana. Usiseme bosi, utaonekana unaogopa."

"Naogopa kweli!"

"Basi ogopa ukiwa umesimama wima."

Mtu angetuona angesema, tazama yule dada, ana moyo. Hata mimi nilijiona hivyo.

Lakini kila Mueni alipokuwa tayari, nilimwambia, ngoja. Ngoja Krismasi ipite. Ngoja Bramwel ahamishwe. Ngoja mwaka mwingine, fomu zitakuwepo. Nilidhani ni hekima.

Wapendwa, ulikuwa ni wivu!

Mtaniuliza, wivu wa nini? Ulikuwa unamtaka Wairimu?

Hapana. Nilikuwa namtaka Gladys.

Gladys aliuza nguo za mitumba pale Magongo. Tuliishi pamoja miaka saba, chumba kimoja, kitanda kimoja, Chaani. Alikuwa akilala anashika sikio langu. Sijui kwa nini sikio. Nilipomuuliza alisema, "Ili ukiamka kwenda kazini nijue."

Miaka saba hakuna aliyejua. Hakuna! Kwa majirani tulikuwa wanawake wawili wanaogawana kodi.

Alikufa kwa homa ya mapafu, siku tano tu. Ndugu zake walikuja kutoka Rabai wakamchukua. Mazishini nilisimama nyuma, karibu na wapishi. Emsii wa mazishi akasoma majina ya wanaomwaga udongo: mama, kaka, dada, shangazi, wajomba... Mwisho kabisa akasema, "Na kama kuna jirani wa marehemu kutoka Mombasa, aje naye."

Jirani!

Nilimwaga udongo wangu kama jirani. Nikarudi Chaani kama jirani. Ndugu zake walikuja na pikapu wakabeba kitanda, kwa sababu kilikuwa cha marehemu. Nikalala chini.

Kazini nilipewa ruhusa ya siku moja. Umoja haukuja. Ungekuja vipi? Mimi mwenyewe ndiye katibu, najua mistari yote ya fomu, na Gladys hakuwa na mstari.

Niliporudi, nililia chooni. Mlango wa pili kutoka kushoto, maji nikiyafungulia yapige kelele.

Sasa mnaelewa. Mueni alikuja kwangu na mtu wake akiwa hai, anapumua, anakula viazi getini... na bado anataka ruhusa ya kumlilia mbele ya watu! Kitu nilichonyimwa mimi nikiwa na maiti mikononi!

Nilimpenda yule msichana. Na nilimchukia. Yote mawili kwa siku moja, saa nyingine kwa dakika moja.

Kilichonimaliza kilikuwa Jumapili ile.

Mueni alinialika kwao Mikindani. "Uje dada, mama yake Wairimu ametoka Nyahururu. Nataka mwonane."

Nikaenda. Nikamkuta mama wa watu, kitambaa kichwani, anamenya maharagwe mabichi. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni nani wao?"

"Nafanya kazi na Mueni."

"Ah, na mtoto wangu."

Nikadhani amekosea. Nikamsahihisha, "Mueni, mama. Wairimu sifanyi naye kazi."

Yule mama akaniangalia kama mtu asiyesikia vizuri.

"Huyo Mueni ndiye nasema. Mtoto wangu. Nililia mwaka mzima nilipojua mambo yao. Mwaka mzima! Kisha nikachoka kulia. Sasa wananipigia simu wote wawili, mmoja akisahau mwingine anakumbuka."

Akaendelea kumenya.

Nilikaa pale, nikala, nikacheka palipochekwa. Mueni alikuwa akimpaka Wairimu mafuta kwenye kiganja alichoungua na pasi ya nywele. Mbele ya mama! Bila kuangalia mlango!

Nilipotoka nilitembea kwa miguu hadi Magongo. Nikapita pale Gladys alipokuwa akitandika mitumba yake. Kuna kijana anauza kava za simu sasa.

Nikajisemea, kwa nini wao wapate kila kitu?

Alhamisi asubuhi, kwenye bomba, nikamwambia Redio.

Siku ile nzima nilikuwa mfu anayetembea.

Saa tatu, wanawake wawili wa mashine ya nne walicheka. Nikasema, tayari!

Saa tano, Bramwel alimwita Mueni ofisini. Nikahesabu dakika. Alitoka na boksi la glavu mpya.

Wakati wa chakula, Mueni alikaa karibu yangu na sahani yake.

"Dada, nimeamua. Kesho usiruke jina langu. Usome tu vile nimeandika."

"Mueni... labda tungoje kidogo."

"Umenambia ningoje tangu Novemba." Akatabasamu. "Naona unaogopa kuliko mimi. Usiogope. Uko na mimi, sindiyo?"

Nilisukuma sahani pembeni. Ningemwambia pale pale, "Kimbia, nimekuuza." Sikusema. Kule upande wa pili wa kantini Mwanasaumu alikuwa anakula wali wake, kimya. Mwanasaumu, kimya! Kimya chake kilinitisha kuliko maneno yake yote ya miaka kumi.

Ijumaa ikafika.

Kantini ilijaa. Watu arobaini na kitu, wengine wamekaa juu ya meza. Mwenyekiti wetu, mzee Katana wa mashine za kushona magunia, akafungua kwa dua na sala, kama kawaida yetu, ya Waislamu na ya Wakristo. Kisha akanigeukia.

"Katibu, soma."

Nikasimama na faili. Fomu ya Mueni ilikuwa ya kumi na tisa. Nilijua kwa sababu nilishaihesabu mara nne.

Kabla sijafungua mdomo, mkono ukainuka.

Mwanasaumu!

"Mwenyekiti, kabla majina hayajasomwa, nina neno."

Mueni alinitazama. Hakuwa na shaka na mimi hata kidogo, alinitazama tu kama mtu anayemtazama mtu wake. Nilitamani sakafu inifunike.

"Sema, Bi Mwanasaumu," akasema Katana. "Lakini fupi, watu wana vivuko vya kuwahi."

"Wallahi nitafupisha." Akasimama, akajitanda leso yake vizuri. "Mnaniita Redio. Nasikia, si kiziwi. Basi leo Redio ina habari."

Watu wakacheka. Mimi nikashika meza.

"Mimi sikulelewa na mama yangu. Nililelewa Mtongwe na mwanamke jirani, hakunizaa, hakuwa shangazi wala khalati. Aliniogesha, akanisomesha madrasa, akanioza. Alipokufa nilileta habari hapa. Mkaniambia nini?"

Mzee Katana akainamisha kichwa.

"Mliniambia hayumo kwenye fomu. Si mama mzazi. Kesho yake nikaja kazini, nikapakia chai, na mama yangu bado hajamaliza siku moja ardhini. Hakuna aliyeniona nikilia, kwa sababu tangu siku ile nilianza kusema sana. Mtu akisema sana hamumuulizi ana nini."

Hakuna aliyecheka tena.

"Basi natoa hoja. Katibu asisome mistari. Asome majina tu. Mtu na watu wake. Na ambaye ana jina ambalo halikuwa na mstari, apewe kalamu aliongeze leo hii. Asiulizwe ni nani wake. Kazi yetu ni kwenda kukaa na aliyefiwa. Mambo ya nasaba hatuyawezi."

Bramwel akaruka.

"Hapana bana! Watu wataandika hata mbuzi!"

"Mtu akimlilia mbuzi siku tatu," Mwanasaumu akamjibu, "twende haraka zaidi, huyo hali yake ni mbaya."

Kantini ikalipuka kwa kicheko. Mzee Katana mwenyewe alifuta macho.

"Wanaokubali?"

Mikono ikainuka. Mingi. Sikuihesabu.

Nikazigawa fomu, kalamu zikapita. Watu wakainama juu ya fomu zao. Mnajua ni wangapi walikuwa na jina la kuongeza? Karibu nusu! Mama wa kambo, mtoto wa jirani, baba asiyekuwa baba...

Na mimi nikachukua fomu yangu.

Fomu ziliporudi nikazipanga, nikaanza kusoma. Mtu, na majina. Mtu, na majina. Nilipofika ya kumi na tisa sauti yangu ikawa kama si yangu.

"Mueni. Wairimu."

Bramwel akageuza kichwa. "Wairimu ndiye nani?"

"Tumesema nini sasa hivi?" Mwanasaumu akamkemea.

Lakini Mueni alikuwa amesimama. Wima, vile tulivyofanya mazoezi.

"Wacha nijibu. Sijaulizwa kwa ubaya."

Akawageukia watu wote.

"Ni mtu wangu. Ni yule mnamwona getini. Naishi naye na sitaki kuishi na mwingine. Siku akifa, mimi ndiye nitakaa chini kwenye mkeka. Nataka mjue mtakuwa mmekuja kumlilia nani."

Wengine walielewa. Wengine walijifanya hawakuelewa. Mwanamke mmoja alisonya, akabeba mkoba wake, akatoka. Mwingine nyuma akasema neno baya, nisingependa kuliandika hapa.

Mzee Katana alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Katibu," akasema, "endelea. Ya ishirini."

Nikaendelea. Mueni akaketi. Mwanamke aliyekaa kushoto kwake alisogea mbali. Wa kulia hakusogea.

Fomu ya mwisho ilikuwa yangu.

"Kafedha," nikajisoma mwenyewe. "Mama yangu, Kadzo. Na Gladys."

"Gladys yule wa Chaani?" Katana akauliza. "Mliyekuwa mkiishi naye? Si alifariki yule?"

"Ndiyo, mzee. Mwezi ujao ni miaka miwili."

"Mbona hukutwambia?"

Nilitaka kusema mengi. Nikaweza moja tu.

"Fomu haikuwa na mstari."

Na mara hii nililia mbele ya watu. Bila bomba la maji.

Mkutano ulipoisha Mwanasaumu alinifuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akafunga mlango.

"Asante," nikamwambia. "Asante mama..."

"Usinishukuru." Sauti yake ilikuwa kali. "Mimi la Mueni silikubali, dini yangu naijua. Lakini dini hiyo hiyo inanikataza kumvua mtu nguo mbele za watu. Wewe ulikuja kumvua. Na yeye alikuamini wewe!"

"Kwa nini hukusema? Kila jambo unalisema..."

"Nasema ya nani kanunua sofa na nani kanyimwa zamu. Hayo hayaui mtu." Akanisogelea. "Ulipotamka lile neno mpenzi pale bombani, sauti yako haikuwa ya mbea. Ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nikajiuliza, huyu kafiwa na nani hatukumzika? Leo nimejua."

Nikaketi kwenye benchi.

"Sasa nenda ukamwambie mwenyewe. Leo. Ukilala nalo, kesho nitamwambia mimi, na mimi najua kuhadithia."

Niliwakuta getini. Wairimu alikuwa amemkumbatia Mueni kwa mkono mmoja, na mfuko wa viazi kwenye mwingine. Mueni aliponiona akafungua mikono.

"Dada! Tumeweza!"

"Mueni, usinishike. Jana nilimwambia Mwanasaumu."

"Ulimwambia nini?"

"Kila kitu."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilichelewa, kama mtu asiyejua amefukuzwa.

"Alikulazimisha?"

"Hapana."

"Basi kwa nini? Kwa nini, dada?"

Nikamnyooshea Wairimu kidole. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

"Kwa sababu yeye yuko hai."

Malori yalipita. Wairimu alinitazama, kisha akatazama chini.

"Unajua ingekuwaje kama Mwanasaumu angekuwa mtu mwingine?" Mueni akasema, taratibu sana. "Si ningeaibika tu. Ningekufa, dada. Ile video. Ningekuwa mimi kwenye ile video."

"Najua."

"Hukujua. Ungejua, usingeweza."

Wakaondoka. Sikuwafuata.

Jumatatu Mueni alikuja kazini. Hakufukuzwa. Bramwel aliacha kumtania, na kutoka kwake hiyo ni adhabu. Mtu alibandika mstari wa Biblia kwenye kabati lake, Mueni akaubandua, ukabandikwa mwingine. Anakula na watu watatu ambapo zamani alikula na kumi. Lakini anaimba bado. Mimi hanisemeshi ila neno la kazi: "Sogeza boksi." "Mashine imekwama."

Wiki tatu baadaye mzee Katana aliniita.

"Jina likishasomwa mbele ya watu ni la Umoja," akaniambia. "Na huyu wako ameshakufa. Kwa hiyo tuna deni la kuja kukaa. Jumapili tuko kwako."

Nilidhani anatania.

Jumapili walikuja. Si wote, kumi na mmoja. Lakini walikuja na mikeka na lile sufuria kubwa. Wakatandika nje ya chumba changu, majirani wakashangaa, msiba gani tena huu? Mwanasaumu akawajibu, "Msiba wa Gladys. Uliahirishwa."

Wakaimba. Kisha mzee Katana akasema, "Tuambie basi. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Jamani... Miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikawaambia. Kwamba alikuwa akibishana na wateja mpaka wananunua kwa hasira. Kwamba alipika mchuzi wa papa usiolika na alikuwa hajui. Kwamba alilala ameshika sikio langu. Hilo nalo nililisema, kwa sauti. Mtu mmoja alikohoa. Mwanasaumu akamtazama, akaacha.

Saa saba hivi Mueni akafika, peke yake. Hakunisalimu. Alichukua kisu, akavuta ndoo ya viazi, akakaa amenipa mgongo na kuanza kumenya. Alimenya mpaka vikaisha. Akaosha vyombo. Akavaa viatu.

Akiwa mlangoni ndipo akageuka.

"Pole kwa msiba, dada."

Nilitaka kumjibu nishapoa, kama tunavyojibu. Neno halikutoka. Sikuwa nimepoa, nilikuwa ndiyo kwanza nafiwa.

Akangoja kidogo, akaona sijibu, akaenda.

Mnaosoma hapa, sikuandika ili mnihurumie. Mtu akikuletea siri inayoweza kumuua, kwanza jikague wewe mwenyewe kama una kidonda mahali pale pale. Ukiwa nacho, mwambie, "Mpenzi, mimi siwezi kuibeba hii, mtafute mwingine." Ataumia siku moja. Mimi nilijifanya mwema miezi mitatu huku wivu unanila, na kilichomwokoa Mueni si wema wangu. Ni mdomo wa mtu niliyekuwa nikimwita mbea, siku moja alipoamua kuufunga.

Mueni hajanisamehe. Kesho nina zamu naye, mashine ya pili.

Nitamsalimu kama kila siku. Asipoitika, nitasogeza boksi.